Requiem ya Fauré: kwa nini rekodi hazifanani, na namna ya kuisikiliza

Mkuu, umeuliza mambo matatu: kwa nini Requiem (misa ya kuombea wafu) ya mtunzi Mfaransa Gabriel Fauré uliyoipata kwenye simu haifanani na ile ya CD ya parokiani kwenu, kwa nini sauti zake "zinazama" ukiisikiliza kwenye simu, na uanzie wapi ukitaka kuujua muziki mtakatifu wa kwaya wa Ufaransa. Naanza na la kwanza, maana ukilielewa hilo hutababaika tena kuchagua rekodi.

Requiem hiyo ipo katika matoleo matatu. La kwanza liliimbwa Januari 1888 kwenye mazishi katika kanisa la La Madeleine, Paris. Lilikuwa na sehemu tano tu, bila Offertoire wala Libera me, na ala zake zilikuwa za sauti ya chini: viola, selo, besi, kinubi, timpani na kinanda cha kanisa, pamoja na fidla moja peke yake kwenye Sanctus. Toleo la 1893 lilifikisha sehemu saba na kuongeza pembe na tarumbeta. La 1900 ni la okestra kubwa, kwa ajili ya kumbi za matamasha. Hilo la mwisho ndilo lililotawala kwa miongo mingi, hadi John Rutter, mtunzi na mwongozaji wa kwaya wa Uingereza, alipochapisha toleo la ala chache (lile la 1893) miaka ya 1980, na baadaye wataalamu wa muziki Jean-Michel Nectoux na Roger Delage wakatoa chapisho lao.

Kama kasha halisemi ni toleo lipi, nenda moja kwa moja kwenye Sanctus. Ukisikia fidla moja ikipanda juu ya kinubi, hilo ni toleo la ala chache. Ukisikia kundi zima la fidla, ni la 1900. Kisha hakiki kwenye Pie Jesu: katika toleo la 1900, filimbi na klarineti hutumika hapo tu, kwingine kote zinanyamaza. Angalizo: stopu ya filimbi ya kinanda cha kanisa (kitufe kinachokifanya kitoe sauti kama ya filimbi) inaweza kukudanganya, kwa hiyo usihukumu kwa Pie Jesu peke yake.

Kwa okestra kubwa, tafuta rekodi ya mwongozaji André Cluytens ya 1962, iliyorekodiwa kanisa la Saint-Roch, Paris, akiwa na waimbaji Victoria de los Ángeles na Dietrich Fischer-Dieskau. Ni nzito na ya taratibu, na kwaya iko mbali kidogo na maikrofoni. Kwa toleo la 1893, tafuta ya mwongozaji Philippe Herreweghe na kundi la La Chapelle Royale ya 1988. Kwaya ni ndogo, kila sauti unaifuata. Mimi ningeanza na hii ya Herreweghe, kwa sababu rangi ya viola na selo ndiyo roho ya kazi hii, na okestra kubwa huifunika. Ukitaka kusikia Pie Jesu ikiimbwa na mtoto wa kiume, kama ilivyokuwa mwaka 1888, mwongozaji Michel Corboz aliirekodi hivyo mwaka 1972 na mtoto aitwaye Alain Clément. Sauti yake haina mtikisiko hata chembe, na pumzi zake unazisikia.

Jambo lingine linaloleta tofauti ni matamshi ya Kilatini. Sisi tuliozoea matamshi ya Kiroma tunasikia "lucheat" na "pachem". Wafaransa wa wakati wa Fauré walisema "luseat" na "pasem", na ile "u" waliitamka midomo ikiwa imebana kama ya kupiga mluzi huku ulimi ukisema "i". Herreweghe aliporudi kurekodi toleo la 1900, mwanzoni mwa miaka ya 2000, alitumia matamshi hayo. Mwimbaji akikaza midomo hivyo, kwaya nzima inakuwa na sauti nyembamba na yenye mwanga zaidi. Kwa hiyo usidhani wanakosea.

Sasa kuhusu hizo sauti "kuzama" kwenye simu. Muziki huu una tofauti kubwa kati ya penye sauti ndogo na penye sauti kubwa. Ukipanga volumu kwa kusikiliza maneno ya kwanza, "Requiem aeternam", ambayo huimbwa kwa kunong'ona, utaruka pembe zitakapoingia Libera me. Fanya kinyume: fungua Libera me kwenye "Dies illa, dies irae", panga volumu hapo isikuumize, kisha rudi mwanzo na usiiguse tena. Zima mpangilio wa programu unaosawazisha sauti, zima na ule wa kuongeza besi. Huo wa besi huvimbisha selo hadi zikameza sauti ya tatu na ya nne (za wanaume).

Spika moja ya bluetooth hukusanya kushoto na kulia pamoja, kwaya ikawa rundo moja. Hedifoni za waya za bei ya kawaida zinashinda hapo. Spika ya simu yenyewe haiwezi kabisa kutoa pedali za kinanda, ambazo hushuka hadi hezi 32 (mitetemo 32 kwa sekunde) na chini zaidi, kwa hiyo unasikia kwaya isiyo na sakafu.

Upande wa bando: rekodi ya kbps 320 (kipimo cha ubora wa sauti) hula kama MB 2.4 kwa dakika, hivyo Requiem ya dakika 40 ni MB 96 hivi. Ukishusha hadi kbps 96 ni kama MB 29, lakini mwangwi wa kanisa unachakaa na herufi "s" zinakwaruza. Pakua mara moja kwa ubora wa juu ukiwa na Wi-Fi, kisha zima kuchanganya nyimbo ili sehemu zije kwa mpangilio wake.

Mara ya kwanza sikiliza yote bila kuchambua. Mara ya pili shika Agnus Dei. Inaanza na sauti ya tatu peke yake, wimbo mtamu juu ya nyuzi. Kwaya inafikia "sempiternam requiem" na kutua kwenye kodi (noti kadhaa zinazolia pamoja) ya C. Kisha soprano wanabaki peke yao na neno moja, "Lux", kwenye C. Hawasogei. Chini yao kodi inageuka kuwa A bemoli, na noti ileile iliyokuwa do ya kodi iliyopita sasa ni mi ya kodi mpya. Anayesoma solfa atalielewa hilo papo hapo. Kwenye rekodi mbaya soprano hushuka kidogo kabla ya kodi kugeuka, na mwanga wote unapotea. Hapo ndipo ninapoipimia kwaya.

Baada ya hapo nenda kwa mtunzi Maurice Duruflé. Requiem yake ya 1947 imejengwa juu ya nyimbo za Kigregori (nyimbo za kale za kanisa za sauti moja), na mapigo hubadilika kufuata maneno, kwa hiyo usitafute pa kupiga mguu. Nayo ina matoleo matatu: okestra kubwa, kinanda peke yake (1948), na ala chache (1961). La kinanda linapatikana kwa kwaya ya King's College, Cambridge, chini ya Philip Ledger, na Janet Baker akiimba Pie Jesu. La 1961 lipo kwa mwongozaji Matthew Best na kwaya ya Corydon Singers. Kama muda ni mfupi, anza na Ubi caritas yake ya 1960, dakika mbili na nusu hivi: alto ndiyo inayoshika wimbo, soprano inasubiri.

Mtunzi Francis Poulenc mwache wa tatu. Moteti (nyimbo takatifu za kwaya) zake nne za toba (1938–39) hazina ala, na kodi zinageuka ghafla kiasi kwamba kwaya dhaifu hupoteza tuni katikati. Kwaya ya The Sixteen ya Harry Christophers inazimudu.

Charpentier, mtunzi wa karne ya 17, na watunzi wa Versailles, makao ya wafalme wa Ufaransa, ni ulimwengu mwingine. Ila ujue kwamba vikundi vingi hupiga A ya hezi 392 hivi badala ya 440, toni nzima chini. Ukifuatisha kwa kinanda chako, D yao itakuwa C yako, na si kinanda kibovu.

Kama kwaya yenu inataka kuimba kitu kutoka huku, chukueni Cantique de Jean Racine ya Fauré, aliyoiandika mwaka 1865 akiwa na miaka 19. Maneno ni ya Kifaransa, si Kilatini, na inatosha sauti nne na kinanda. Nota zake zinapatikana bure kihalali kwenye tovuti za IMSLP na CPDL. Za Duruflé bado zina hakimiliki, na za Poulenc pia katika nchi nyingi, hizo mtanunua nakala kwa idadi ya waimbaji.