Maswali yenu: ziba mvuke kwanza, sola baadaye

Swali (Baba Dogo): Niko na kiwanda kidogo cha juisi, boila yetu ya mvuke inachoma mafuta mazito, nataka kupunguza kaboni. Niweke sola ya kilowati ngapi?

Kila wiki ni sola, sola, sola. Stima ya Kenya karibu asilimia 90 tayari inatoka kwa mvuke wa ardhini, maji, upepo na jua, kwa hivyo shida yako haiko kwa mita, iko kwa hiyo boila ya mafuta mazito. Sola itakushushia bili, hiyo sikatai, lakini kwanza zunguka na fundi muone paipu zenye hazijavalishwa kitu cha kuzuia joto, valvu zinafuka mpaka watu wamezoea, na yale maji ya moto yanatoka kwa mashine mnayamwaga mtaroni halafu mnachoma mafuta tena kupasha maji baridi, jamani. Yarudisheni kwa tanki ya boila. Na kama unapitisha yuniti 180,000 kwa mwaka, kanuni za nishati za 2012 ziliweka ukaguzi wa nishati kila miaka 3, usijifanye hujaskia.

Swali: Nikipanda miti elfu moja, moshi wangu si umefutika?

Haujafutika. Panda tu, kivuli ni kizuri.

Swali: Kuna jamaa anasema tuchanganye plastiki na kuni kwa boila tuokoe pesa.

Akachomee kwake. Plastiki zingine, hasa PVC (ile ya mabomba ya maji), zinatoa sumu na asidi inayokula vyuma vya boila, na majirani wa Mukuru ndio wanavuta hiyo hewa.

Swali (Inda, yaani Industrial Area): Maganda ya matunda tunapeleka jalala la Dandora. Si yataoza tu?

Yataoza, ndio, lakini yakifunikwa na taka zingine yanakosa hewa yanatoa methani, na hiyo inapasha dunia joto mara 28 hivi kuliko kaboni dioksaidi. Tafuta mfuga nguruwe au watu wa funza wa kulisha kuku, watakuja na pikapu yao. Ila msiwape maganda yamejaa nailoni na glavu, sheria ya taka ya 2022 inataka mtenganishe hapo hapo kwenu.

Swali: Fundi wa kolrumu (chumba cha baridi) huachilia gesi yote nje kabla ya kurekebisha. Ni sawa?

Ni vibaya sana. Kilo moja ya R-404A, gesi ya kupoza kolrumu, ni kama kilo 4,000 hivi za kaboni dioksaidi, unaweza kupoteza kwa dakika chache kile umehangaika kuokoa kwa boila. Aje na mashine ya kunyonya na silinda tupu. Na kama anaongeza gesi kila mwezi hiyo si sevisi, kuna mahali panavuja, atafute tundu kabla hajakuandikia risiti ingine.