Gemu yangu ya matatu haina hata mstari mmoja wa kodi

Kodi ninayoijua mimi ni ya nyumba, ile ya tarehe 5. Hiyo ingine ya kompyuta, code ya kuandikia programu, imenishinda mara tatu, mara ya mwisho nilifika video ya nne ya masomo nikalala, simu ikaniangukia usoni. Lakini nimetengeneza gemu, watu wakaicheza, wengine wakanitusi juu walikwama, na sasa nimechoka kuandika jibu lile lile WhatsApp kila mtu akiuliza nilifanyaje, kwa hivyo nimeamua kuliweka hapa mara moja.

Gemu yenyewe iko hivi. Uko steji ya Railways, Nairobi, saa moja jioni, mvua imeanza, mfukoni una 200 na unataka kufika Rongai. Makanga anasema nauli ni 150 leo, na asubuhi ulilipa nusu ya hiyo, unajua tu vile mvua ikinusa lami bei zinapanda. Unapanda? Unangojea ingine? Ama unatembea mpaka Nyayo ujaribu bahati huko? Kila ukurasa una picha moja, maneno kidogo na batani mbili ama tatu, ukigonga unapelekwa ukurasa mwingine, basi. Kuna jamaa aliniambia hiyo si gemu, hiyo ni tovuti. Nikamwambia ndio ni tovuti, na umeirudia mara sita tangu jana.

Sisi tuliokulia saiba za bob moja kwa dakika tulizoea gemu za Flash, ile programu ya kuchezea gemu ndani ya brauza ambayo Adobe iliacha kuisapoti tarehe 31 Desemba 2020. Ukizikumbuka vizuri, nyingi zilikuwa kubofya mlango uone kuna nini nyuma yake. Na kubofya kitu upelekwe mahali ndiyo kazi ya linki. Kwa hivyo chombo chochote cha kutengeneza saiti kwa kuburuta vitu na kidole kinaweza kukupa gemu, mradi usikilazimishe kufanya mambo ya PlayStation.

Nilianzia Google Sites kwa sababu nilikuwa na Gmail na ni ya bure. Nikatengeneza kurasa kama ishirini hivi usiku mmoja, nikatuma linki kwa grupu ya familia nikalala nikiwa bingwa. Asubuhi shangazi ananiuliza mbona imeisha haraka hivyo. Kumbe kila ukurasa unaotengeneza unajiweka kwenye menyu pale juu wenyewe, kwa hivyo mtu akifungua menyu anaona orodha yote, Umeibiwa Simu, Umenyeshewa Bomas, Umefika Salama, na shangazi kama mtu mwenye akili akagonga Umefika Salama. Inabidi uende kwa kila ukurasa uufiche kwenye menyu, mmoja mmoja. Fanya hivyo kabla ya kutuma linki, mimi nilifanya baada.

Baadaye nikahamia Carrd, chombo kingine cha kutengeneza saiti, na hapo ndipo nilibaki mdomo wazi. Carrd inakupa ukurasa mmoja mrefu lakini unaweza kuukatakata kuwa sehemu, kila sehemu unaipa jina, halafu kwenye batani badala ya anwani ndefu unaandika tu #galleria ama #bomas, majina ya steji za njiani. Mtu akigonga, ile sehemu ya kwanza inajificha na hii inatokea, kama umebadilisha chumba. Na kwa sababu yote ni ukurasa mmoja, ukishafunguka husubiri tena kati ya chumba na chumba, jambo ambalo mtu wa Rongai mwenye netiwaki ya kuhesabu nukta atakushukuru. Akaunti ya bure inakupa saiti 3, zinatosha kabisa kuanza. Ubaya ni kwamba mchezaji mjanja anaona #bomas pale juu kwenye anwani na anaweza kubahatisha #rongai aruke safari yote. Mimi nikaunda chumba cha #rongai chenye makanga anayemuuliza, wewe umetokea wapi, nauli iko wapi, halafu batani moja tu ya kumrudisha Railways.

Sasa nije kwa shida kubwa ambayo hakuna mtu aliniambia mapema. Saiti haina kumbukumbu. Ukurasa wa Bomas haujui kama ulinunua mahindi choma pale Nyayo, haujui umebaki na 50 ama na 130. Ukitaka ijue, itabidi utengeneze Bomas ya mwenye 50 na Bomas ya mwenye 130, na kila uamuzi unaoongeza unazidisha kazi. Maamuzi matano yenye njia mbili mbili ni miisho 32. Kumi ni 1,024. Nilikaa na karatasi nikichora mishale mpaka ikafanana na nyaya za stima za mtaa wetu nikaitupa.

Kilichoniokoa ni matatu yenyewe. Unaweza kupandia popote, unaweza kugombana na makanga ama usigombane, lakini mwishowe wote mnapita Lang'ata Road ile ile moja. Basi nikaamua njia zitawanyike kidogo halafu zirudi pamoja, zitawanyike tena, zirudi pamoja. Ukitembea hadi Nyayo unapata tukio lako na mvua yako, lakini ukifika Galleria uko ukurasa mmoja na yule aliyepandia Railways. Mchezaji hajui. Yeye anaona alichagua.

Na pale nilipohitaji kumbukumbu kweli, nikampa mchezaji aibebe mwenyewe. Ukinunua mwavuli kwa yule muuzaji wa kando ya barabara, anakwambia shika namba yako ni 47, usisahau. Kurasa kadhaa mbele mvua inazidi na unaulizwa namba. Kwenye Google Sites unaweza kufanya ukurasa wa siri ambao anwani yake inaishia na hiyo namba, mtu anaiandika mwenyewe pale juu. Si ujanja wangu, kuna gemu ya mafumbo inaitwa Notpron, ya Mjerumani David Münnich, iko tangu 2004, ina ngazi 140 na nyingi unazipita kwa kuchezea anwani. Lakini kwa simu kuandika anwani ni mateso, kwa hivyo kipande hicho nilikipeleka Google Forms. Ndio, ile ile fomu ya michango na orodha ya harusi. Inaweza kumpeleka mtu sehemu tofauti kulingana na jibu alilochagua, na inaweza kukataa kuendelea mpaka aandike jibu sahihi. Mwanzoni jibu lilikuwa neno mwavuli, simu za watu zikawa zinaanza na M kubwa zenyewe na fomu inakataa, ndio matusi nimesema hapo juu yalitoka. Tumia namba. Namba haina herufi kubwa.

Kama unajua gemu yako lazima ihesabu pesa, nenda Twine tu, programu ya kutengeneza hadithi za kuchagua njia. Chris Klimas aliitoa 2009, ni ya bure, unaandika visanduku na kuviunganisha, na mwishoni inakupa faili moja ya html unayoweza kuipakia itch.io, saiti ya kuweka gemu, watu wachezee kwa brauza. Kuna vimaneno kidogo vya kujifunza kwa hesabu lakini si vya kutisha. Onyo moja: ukiitumia mtandaoni, kazi yako inakaa ndani ya brauza ya hiyo mashine. Mimi nilikuwa saiba moja ya mjini, visanduku karibu 40, nikaenda nyumbani nikijua nitaendelea kesho. Kijana wa saiba hufuta historia yote kila jioni, na anafanya vizuri kabisa, watu wanaacha imeili zao wazi hapo. Kesho yake hakukuwa na kitu. Siku hizi nikiinuka kwa kiti faili ishashushwa na ishajituma kwa imeili yangu.

Halafu jaribu kwa simu ya mtu mwingine, na ufunge mdomo. Nilimpa mpwa wangu, kidato cha pili, nikakaa kando yake. Nilikuwa nimeficha dokezo ambalo linatokea ukipitisha mausi juu ya picha, na simu haina mausi, hiyo ikafa papo hapo. Kisha akaanza kugonga picha ya matatu. Anagonga, anagonga, hakuna kitu, batani iko chini kabisa hajaiona. "Anko, hii imekwama." Nilitaka kumwonyesha nikajizuia, kama dakika nzima nimeuma kidole. Jioni hiyo nikafanya kila picha iwe linki, na nikazipunguza saizi zote, moja ilikuwa MB 4 na inaonyesha dimbwi tu.

Mchezaji wangu mkali kuliko wote ni makanga mmoja wa laini yetu, alicheza gari likingoja kujaa. Alifika mpaka ukurasa wa kudai balansi, yaani chenji, akacheka. "Bosi, hapa umedanganya. Abiria hawezi kudai balansi Bomas, hiyo anaanza kudai Galleria ndio aipate akishuka." Nikahamisha ukurasa. Kisha akauliza mbona yeye kwa hii gemu ni adui tu, mbona usitengeneze ya makanga, uko na viti 14, pesa ya mwenye gari haijatimia na mbele kuna askari. Nimeshaanza, niko chumba cha tisa. Tunabishana tu kuhusu mwisho mmoja, yeye hataki kabisa niweke ule wa kushikwa.