Usikariri ngazi ya vipimo, soma kiambishi

Wanafunzi wengi ninaowapokea tuisheni hufika na ile ngazi kichwani: Km, Hm, Dam, M, Dm, Sm, Mm. Wanaiimba bila kukosea. Waulize gramu moja ina miligramu ngapi, kimya. Ngazi waliyokariri ni ya urefu, na hapa wameulizwa uzito.

Mzazi unayemsaidia mtoto kazi za nyumbani, iache kwanza ngazi hiyo. Mwambie akate neno vipande viwili. Halitamshinda, maana tangu anaanza kusema anajua kuwa mtu, jitu na kijitu ni shina lilelile. Kilomita ni kilo na mita, mililita ni mili na lita. Kilo ni elfu moja popote inapobandikwa. Mili ni sehemu moja ya elfu. Senti ni sehemu moja ya mia, na hii anaijua tayari kwenye shilingi. Desi ni sehemu moja ya kumi, deka ni kumi, hekto ni mia. Deka na desi huwachanganya wengi kwa kuwa zote zimebeba kumi: Wafaransa walioanzisha mfumo huu mwaka 1795 walichukua viambishi vya kukuza kutoka Kigiriki na vya kupunguza kutoka Kilatini.

Deka usihangaike nayo sana, nje ya mtihani huioni. Hekto imejificha kwenye hekta, yaani ari mia moja. Ari ni eneo la mita 10 kwa 10, kwa hiyo hekta ni mita za mraba 10,000, karibu ekari mbili na nusu. Desi nayo iko kliniki. Mama mjamzito akiambiwa damu yake ni 11, maana yake ni gramu 11 za himoglobini katika kila desilita ya damu, yaani mililita 100.

Wanapoanguka hasa, hata wakubwa, ni kwenye mraba na ujazo. Mita moja ina sentimita 100, basi mtu anaandika kuwa mita moja ya mraba ina sentimita za mraba 100. Sivyo. Urefu umegawanywa mara mia, na upana pia mara mia, zinakuwa 10,000. Hapa maelezo hayasaidii sana. Mpe mtoto rula na karatasi ya miraba, achore desimita moja ya mraba, ahesabu mwenyewe vimiraba vya sentimita. Atapata 100, si 10. Kwa ujazo, chukua bili ya maji. Uniti moja ni mita moja ya ujazo, na lita ni desimita moja ya ujazo, kwa hiyo 10 mara 10 mara 10: lita 1,000. Hizo ni ndoo 50 za lita 20, na ukimwambia hivyo mtoto anayechota maji ataelewa haraka kuliko mimi na chaki yangu.

Halafu herufi. M kubwa ni mega, milioni moja. M ndogo ni mili. Bwawa la umeme la Julius Nyerere, kwenye mto Rufiji, lina uwezo wa MW 2,115, yaani megawati. Andika mW, na umeme wote wa Rufiji umekuwa wati mbili na ushee. Kwenye intaneti, b ndogo ni biti na B kubwa ni baiti, na baiti moja ni biti nane. Ndiyo maana kasi ya Mbps 10, yaani megabiti 10 kwa sekunde, haishushi MB 10 kwa sekunde, bali 1.25.

Kwenye dawa sifanyi utani. Maikro ni sehemu moja ya milioni, na kwenye paketi nyingi maikrogramu huandikwa mcg. Kidonge cha levothyroxine cha mcg 50, dawa ya tezi ya shingo, ni miligramu 0.05 tu. Anayeisoma mcg kama mg amezidisha dozi mara elfu moja. Herufi zikikutatiza, muulize mfamasia ukiwa bado dirishani, na umwombe akuandikie neno zima kwenye bahasha ya dawa.