Re: Ploti South C, kaunti wanataka barua ya KCAA

Sasa mkuu. Kwa hivyo plani ya ghorofa tano imekwama juu ya barua ya KCAA, ile mamlaka ya usafiri wa anga inayokubali urefu wa jengo, na fundi anasema uanze tu msingi. Usithubutu, hapo South C ndege za uwanja wa Wilson zinapita juu ya mabati.

Kwanza tafuta saveya akupe koordineti za ploti na urefu wa ardhi kutoka usawa wa bahari. Mimi nilihesabu urefu wa jengo langu hadi slabu ya mwisho, KCAA wakarudisha michoro, kumbe urefu unahesabiwa mpaka ncha ya juu kabisa, tanki la maji, antena, hadi kinga radi! Ikabidi nishushe tanki. Na uende hapo asubuhi mapema usikie kelele, wapangaji wataisikia kila siku.