Mtoto wa hema la tatu

Swali la wiki: Ungempa binti wa miaka 15 hadithi gani ya siku zijazo, na kwa nini?

Mhariri, ningempa War Girls ya Tochi Onyebuchi, iliyotoka mwaka 2019.

Mwanzoni nilikisoma kwa kujilazimisha. Ni mwaka 2172, sehemu kubwa ya dunia haikaliki tena kwa joto na sumu ya nyuklia, wenye uwezo wamehamia angani, na Nigeria inapigana na Biafra, eneo lililojitenga nayo, kwa maroboti makubwa yanayoendeshwa na rubani aliyeketi ndani. Kurasa za mapigano nilizipitia mbiombio. Roboti mbili zikianza kugongana, mimi usingizi hunijia.

Walionishika ni Onyii na Ify. Onyii ana mkono wa bandia, tena wa mashine, na ndiye anayemlea Ify kambini ingawa hawakuzaliwa tumbo moja. Kisha vita vinawatenganisha, mkubwa akabaki Biafra na mdogo akajikuta upande wa Nigeria, kwa watu aliofunzwa kuwaogopa. Vita vyenyewe si vya kubuni tu. Biafra ilijitangazia uhuru Mei 1967, ikasalimu amri Januari 1970, na njaa iliua wengi kuliko risasi.

Nilipofika hapo nilikifunga kitabu, nikaenda kuteka maji ambayo hayakuhitajika.

Mapema mwaka 2008, wakati wa ghasia za baada ya uchaguzi hapa Kenya, nilikuwa na miaka tisa. Mama alitufikisha Showground hapa Nakuru, uwanja wa maonyesho uliogeuzwa kambi ya waliokimbia makwao, na godoro moja na sufuria mbili. Hema la tatu kutoka letu kulikuwa na mtoto wa miaka minne hivi, mama yake amelazwa hospitalini. Mama akamchukua, akamlaza katikati yetu ili asiguswe na baridi. Akawa mdogo wangu. Nilimfundisha kufunga kamba za viatu, naye alinifundisha kulala bila kujigeuza.

Wiki ya pili wanawake wa foleni ya maji wakagundua jina la babake. Lilikuwa jina la "wale", watu wa kabila la upande wa pili. Minong'ono ikaanza, hadi mmoja akamuuliza Mama waziwazi huyu mtoto ni wa nani. Mama akaweka mtungi chini: "Ni wangu. Au unataka nikueleze na nilivyompata?" Foleni nzima ikacheka, maneno yakaisha. Ya mdomoni, angalau.

Ndugu za babake walikuja kumchukua siku ya mvua. Aliondoka na viatu vyangu. Leo ni mwanamke mzima mahali fulani, na kila nikisoma Ify akiambiwa Wabiafra ni watu gani, najiuliza yeye aliambiwa nini kutuhusu.

Kitabu nimeshampa binti ya dada yangu, ana miaka 15 kamili. Juzi nimemchungulia: anaruka kurasa za akina dada, anasoma za maroboti, na anataka kujua ule mkono unachajiwa wapi.

Msomaji, Nakuru