Tundu Dogo, Kazi Ileile: Daktari Anajibu Kuhusu Kuunganisha Pingili za Mgongo

SWALI: Shikamoo daktari. Mama yangu ana miaka 63. Pingili ya nne ya kiuno imeteleza mbele ya ile ya tano na inabana mishipa ya fahamu. Akitembea kidogo tu miguu inawaka moto mpaka akae. Dawa, mazoezi na sindano havijafua dafu. Sasa daktari wake anataka kuziunganisha pingili hizo kwa matundu madogo. Jirani anasema upasuaji wa aina hii hauna hatari. Kaka yangu anasema ndio wenye hatari zaidi, kwa sababu daktari haoni anachofanya. Nimsikilize nani, na tuulize nini kabla mama hajasaini?

JIBU: Marahaba binti yangu. Kaka yako yuko karibu na ukweli kuliko jirani, ingawa naye amezidisha. Kinachopungua kwa matundu ni jeraha la njiani. Misuli haibanduliwi kwenye mifupa, inatanuliwa taratibu kwa mirija inayopitishwa mmoja juu ya mwingine. Kwa hiyo damu haipotei sana, vidonda huoza mara chache zaidi, na mgonjwa hurudi nyumbani mapema. Huko ndani, hata hivyo, kazi ni ileile: diski, yaani mto laini ulio kati ya pingili, inatolewa, keji (kisanduku kidogo) yenye mfupa wa kupandikiza inakaa mahali pake, na skrubu nne zinafungwa. Baada ya miaka kadhaa, waliopasuliwa kwa matundu na waliofunguliwa mgongo huwa hawapishani sana. Msichague tundu kwa ajili ya udogo wa kovu.

Swali la kwanza kwa daktari wenu liwe hili: utajuaje skrubu ilipo?

Nitaeleza inavyokuwa, kwa sababu hapa ndipo penye usalama wenyewe. Skrubu hupita kwenye kikonyo cha pingili, mfupa mwembamba unaounganisha sehemu ya nyuma na mwili wa pingili ulio mbele. Upande wa ndani wa kikonyo kuna mfereji wa mishipa ya fahamu, na chini yake inatoka neva, yaani mshipa wa fahamu, iendayo mguuni. Mgongo ukiwa wazi, naziona alama za mfupa na kuzipapasa. Kwenye tundu naongozwa na eksirei, picha ya mbele na picha ya ubavu. Sindano ndiyo hutangulia kutoboa njia ya skrubu, na ncha yake haipaswi kuvuka ukuta wa ndani wa kikonyo kwenye picha ya mbele kabla picha ya ubavu haijaonyesha kuwa imeshaingia kwenye mwili wa pingili. Ikivuka mapema, inaelekea kwenye neva.

Kisha ndani ya sindano unapita waya mwembamba, sindano inatoka, na skrubu yenye uwazi katikati inateremshwa juu ya waya huo. Katika hatua hii sitaki mazungumzo yoyote chumbani. Skrubu inapozunguka inaweza kuusukuma waya mbele, na mbele ya pingili za kiuno kuna mishipa mikubwa ya damu na matumbo. Basi msaidizi anaubana waya kwa koleo na haachii, na picha za ubavu zinapigwa tena na tena skrubu ikishuka. Ikishapita kikonyo na kushika mwili wa pingili, waya unatolewa papo hapo, hausubiri skrubu ifike mwisho. Kwa mgonjwa mwenye mifupa laini nakuwa mwangalifu maradufu, maana waya hupenya bila mkono kuhisi ukinzani.

Hospitali nyingine zina CT, mashine ya eksirei inayopiga picha za vipande vya mwili, ndani ya chumba cha upasuaji na kompyuta inayoonyesha chombo kilipo, nyingine zina mkono wa roboti. Vifaa hivi vinasaidia kweli skrubu kukaa mahali pake. Ila kompyuta hufuata alama iliyofungwa kwenye mfupa wa mgonjwa. Kiwiko kikiigusa ikasogea, skrini itaendelea kuonyesha picha safi ya mahali pasipo. Kwa hiyo kabla ya kila skrubu ncha ya chombo inagusishwa kwenye mfupa unaojulikana, tuone kama skrini inakubaliana. Ulizeni kama wanafanya hivyo. Mna haki ya kuuliza, na daktari makini atafurahi kuwaeleza.

Ulizeni pia wanavyohesabu pingili. Watu wengi wana tano kiunoni, lakini wapo wenye sita, na wapo ambao ya tano imeshikamana na sakramu, mfupa mpana ulio chini yake. Kupitia mrija unaona eneo dogo mno, na pingili zinafanana. Hesabu ifanywe kwa eksirei na kulinganishwa na MRI (picha ya sumaku) kabla ya kukata, na irudiwe mrija ukishakaa. Orodha ya usalama ya Shirika la Afya Duniani, iliyotolewa mwaka 2008, ina vituo vitatu: kabla ya dawa ya usingizi, kabla ya kukata, na kabla ya mgonjwa kutoka chumbani. Kituo cha pili ndicho cha timu nzima kutaja kwa sauti mgonjwa ni nani na anapasuliwa wapi.

Ulizeni kama daktari amezoea njia hii hasa, na kama yuko tayari kufungua mgongo mambo yakibadilika ndani. Kufungua si kushindwa. Mimi humwamini zaidi anayelisema hilo mapema.

Kwa umri wa mama, apimwe uzito wa mifupa kabla, kwani skrubu hulegea kwenye mfupa dhaifu. Sukari idhibitiwe. Kama anavuta sigara aache wiki kadhaa kabla na asirudie miezi ya mwanzo, maana nikotini huzuia mfupa kuunga. Kama anatumia dawa za kuzuia damu kuganda, asiziache mwenyewe, daktari ndiye apange.

Akirudi nyumbani akapata ganzi sehemu za siri, akashindwa kukojoa au miguu ikalegea, mrudisheni saa hiyohiyo, hata usiku. Kichwa kinachouma akikaa na kupoa akilala huashiria majimaji ya uti wa mgongo yanavuja. Homa, usaha, shavu la mguu kuvimba au pumzi kubana pia havingoji kliniki.

SWALI: Daktari, nilipasuliwa kupitia ubavuni. Sasa mbele ya paja kuna ganzi, na kupanda ngazi ni taabu. Je, neva imekatwa?

JIBU: Pole sana. Mara nyingi haijakatwa, imebanwa au kuvutwa. Njia hiyo hupita kwenye msuli mnene unaonyanyua paja, na ndani yake kuna mtandao wa neva. Kati ya pingili ya nne na ya tano neva hizo husogea mbele zaidi, ndipo penye hatari kubwa. Kinga yake ni kupima umeme wa misuli wakati wote wa kupita humo, na daktari wa usingizi asiilegeze misuli kwa dawa wakati huo, la sivyo kipimo hakisemi kitu. Muda wa kutanua msuli nao uwe mfupi. Wengi hupata nafuu kwa wiki au miezi. Hata hivyo mwone aliyekupasua sasa, apime nguvu ya goti na kuiandika. Udhaifu ukizidi badala ya kupungua, picha irudiwe mara moja.

SWALI: Mimi ni muuguzi wa chumba cha upasuaji. Siku za migongo eksirei inapigwa mfululizo. Nijilinde vipi?

JIBU: Umbali kwanza. Ukiongeza umbali mara mbili, mionzi inashuka hadi karibu robo. Kwenye picha za ubavu usisimame upande wa mrija unaotoa mionzi, simama upande wa kipokezi kinachopokea picha, kwa sababu mionzi mingi hurudi ikitoka mwilini mwa mgonjwa kuelekea kwenye mrija. Vaa aproni yenye madini ya risasi, kinga ya shingo na miwani, na beji ya kupima mionzi kila siku ya kazi. Mwambieni mpiga picha atumie mipigo ya vipindi na kubana eneo la picha. Ukiwa mjamzito, mjulishe msimamizi mapema upangiwe kazi nyingine.