Mbunge Anayetetea Msitu Anahitaji Daftari Lako

Nilizaliwa Tetu, kaunti ya Nyeri, chini ya msitu wa Aberdare. Mwaka 2002 tulimpeleka Profesa Wangari Maathai Bungeni kwa asilimia 98 ya kura. Tulijua tunamchagua nani: ndiye aliyezuia jengo refu lisijengwe Uhuru Park mwaka 1989, ndiye aliyepigwa katika msitu wa Karura, Nairobi, Januari 1999 akipanda miti. Akawa naibu waziri wa mazingira. Oktoba 2004 habari za Tuzo ya Amani ya Nobel zilimkuta hapa hapa Nyeri, akachukua mche akaupanda, huku akiutazama Mlima Kenya.

Novemba 2007 alishindwa katika mchujo wa chama. Akagombea kwa tiketi ya chama kidogo, na Desemba akashindwa tena.

Siku ya mchujo sikwenda kupiga kura. Nilikuwa navuna viazi, nikajiambia kwamba mtu mwenye Nobel hawezi kuangushwa Tetu. Sokoni nilikuwa nimewasikia watu wakiuliza, "Lakini ametufanyia nini?" Walikuwa na maana ya barabara, basari na michango ya mazishi. Sikuwajibu. Kimya changu cha siku zile kinaniuma hadi leo, na ndicho kilichonisukuma kujiunga na chama cha wanajamii wanaosaidia kutunza msitu, vyama tunavyoviita CFA. Tangu hapo nimeandika barua kwa wabunge, nimekaa katika vikao vya kutoa maoni, nimekosea mara nyingi. Haya ninayoandika ni kwa yeyote mwenye mbunge anayejali mazingira na anayetaka asibaki peke yake.

Kwanza fahamu jinsi anavyofanya kazi. Mbunge akitaka sheria mpya kwa jina lake mwenyewe, huleta mswada wake binafsi. Ukigusa fedha za umma, Ibara ya 114 ya Katiba inataka kamati husika itoe pendekezo baada ya kuzingatia maoni ya waziri wa fedha. Na karibu kila mswada wa mazingira unagusa fedha: ukiunda baraza, linalipwa, ukiunda mfuko, unajazwa. Miswada mingi mizuri hukwama hapo hadi muhula wa Bunge unakwisha, na muhula ukiisha mswada nao umekufa. Kwa hiyo usimwite mvivu mbunge ambaye mswada wake umekaa mwaka mzima. Uliza umekwama kwa nani, kisha umwandikie huyo.

Mfano ninaoupenda ni wa sheria ya mabadiliko ya tabianchi. Bunge la Kumi lilipitisha mswada, lakini Rais Kibaki akakataa kuutia saini, akisema wananchi hawakushirikishwa vya kutosha. Wengi walikata tamaa. Dkt. Wilber Ottichilo, mbunge wa Emuhaya wakati huo na mtaalamu wa ikolojia, akauleta upya mwaka 2014 kama mswada wake binafsi. Safari hii mashirika na wananchi walikaa nao kifungu kwa kifungu, na Mei 2016 Rais Uhuru Kenyatta akautia saini. Ukisikia mtu akisema maoni ya wananchi ni maonyesho tu, mkumbushe kwamba mswada wa kwanza ulianguka kwa kuyakosa.

Sasa nije kwenye kosa letu sisi wenyewe, maana hapo ndipo nilipojifunza zaidi.

Mwanzoni mwa 2022 Bunge lilikuwa na mswada wa 2021 wa kurekebisha sheria ya misitu. Kifungu cha 34 cha sheria ile ya 2016 kinasema anayetaka mipaka ya msitu wa umma ibadilishwe anaweza kuleta ombi Bungeni, lakini ombi hilo lichujwe kwanza na KFS, yaani Huduma ya Misitu ya Kenya, ithibitike kwamba halitahatarisha viumbe adimu wala vyanzo vya maji. Mswada ulitaka kuondoa chujio hilo. Tulipata habari tukiwa tumebakiwa na siku chache za kutuma maoni. Tukakaa usiku chini ya taa, tukaandika kurasa tatu: uchungu wa mababu, heshima ya mlima, machozi ya watoto. Kila neno tulilimaanisha.

Nilimpigia simu msaidizi wa mbunge mmoja aliyekuwa akiupinga mswada huo, nikamsomea. Alinisikiliza kwa heshima hadi mwisho, kisha akauliza, "Mama, ni kifungu gani mnachotaka kibaki, na kwa maneno gani?"

Sikuwa na jibu. Hatukuwa tumetaja kifungu hata kimoja.

Akanieleza kwamba mbunge akisimama katika kamati na kurasa zetu tatu, atasema "wananchi wamehuzunika", na mwenzake atajibu kwamba hata wa upande wa pili wamehuzunika. Lakini akisimama na sentensi inayosema kifungu fulani kibaki kama kilivyo, kwa sababu hii na hii, karani wa kamati lazima aiandike, na ripoti lazima iseme wameikubali au wameikataa. Tukaanza upya. Ukurasa mmoja: nambari ya kifungu, tunachotaka, sababu, ushahidi.

Ushahidi ulitoka mahali ambapo sikutarajia. Mradi wetu wa maji una daftari. Mzee anayetunza mahali tunapochukulia maji mtoni amekuwa akiandika kwa miaka siku ambazo maji yalipungua hadi bomba likakauka. Daftari limechakaa, lina madoa ya chai, lakini kila siku ina tarehe. Tuliweka tarehe hizo kando ya miaka ambayo sehemu ya msitu juu yetu ilikuwa imefyekwa, kisha miaka ambayo miche ilikuwa imeshika. Hatukudai kwamba huo ni utafiti. Tulisema tu: haya tumeyaona, daftari hili hapa, njooni mlitazame. Sehemu kubwa ya maji ya Nairobi hutoka Aberdare, kwa hiyo hata mbunge wa jiji alikuwa na sababu ya kusoma ukurasa wetu.

Mswada ule haukuwa sheria. Waliopiga kelele nchini walikuwa wengi, na ukurasa wetu ulikuwa mmoja tu kati ya hizo sauti. Ila najua ulikuwemo.

Basi kama una CFA, kikundi cha maji, chama cha wavuvi au darasa la shule lenye kipima mvua, anzeni daftari leo. Tarehe, mahali, mlichoona, aliyeandika. Msisubiri mswada uje ndipo mtafute ushahidi, kwa sababu nafasi ya kutoa maoni huwa fupi mno.

Kuna pia njia ya ombi rasmi, ambayo Ibara ya 119 inampa kila mtu. Linaandikwa kwa Kiswahili au Kiingereza, kwa lugha ya heshima, bila kufutafuta. Eleza kama mmewahi kupeleka jambo hilo kwa ofisi inayohusika na ilijibu nini. Eleza kama liko mahakamani. Malizia kwa kusema wazi mnataka Bunge lifanye nini. Wekeni majina, anwani, nambari za vitambulisho, sahihi au alama ya kidole gumba. Nawasihi sana kuhusu hilo la kupeleka kwanza kwa ofisi husika: tunzeni nakala yenye muhuri wa kupokelewa. Tulipoteza miezi kwa kukosa karatasi hiyo moja.

Halafu akidi. Bunge la Kitaifa linahitaji wabunge 50 ili liendelee na kikao, kati ya 349. Hoja ya mazingira inaweza kupangwa alasiri ambayo viti viko tupu, mmoja akasimama kulalamikia akidi, na siku ikaisha hivyo. Ratiba ya shughuli huchapishwa mapema. Mkiiona hoja yenu, kila mmoja ampigie mbunge wake, hata yule ambaye hana habari na miti, amwombe awe ndani ya ukumbi siku hiyo.

Jambo gumu zaidi ni la nyumbani. Barabara ya Ihithe hadi Ndunyu Njeru, inayokatiza Aberdare, imegawanya watu wetu, na Ihithe ndiko Wangari alikozaliwa. Jirani yangu anaitaka kwa sababu maziwa yake huharibika kabla ya kufika sokoni. Mimi naupenda msitu, na maziwa yake nayajua. Ukimwacha mbunge abebe mzozo wa aina hiyo peke yake, uchaguzi unaofuata utamwondoa, na atakayekuja baada yake atakuwa amejifunza kunyamaza. Ongea na jirani wewe mwenyewe, mkae naye, msikilize hesabu zake, kisha mpelekee mbunge hayo mliyokubaliana, hata yawe machache. Na sokoni watu wakiuliza ametufanyia nini, uwe na jibu mkononi: soma Hansard, kumbukumbu rasmi za yanayosemwa Bungeni, inapatikana bure kwenye tovuti ya Bunge, chapisha ukurasa aliposema maneno ya maana, uubandike kwenye mlango wa duka.

Mimi hufanya hivyo sasa kila muhula. Na siku ya mchujo huwa niko kwenye foleni kabla jua halijatoka, viazi vikisubiri shambani.